Ule Mwaka Tulisoma Neno Moja

Juzi tumezika Mwalimu Mutheu huko juu Kathiani, na mimi nikacheka kwa mazishi mpaka mama mmoja wa kanisa akanigeukia. Si kucheka vibaya. Tulikuwa tumekaa tenti ya nyuma, mimi na Syombua na Kavata, wazee watatu na vikombe vya chai, ndio sisi tumebaki kwa wale alifundisha ngumbaru, hiyo shule ya watu wazima. Kavata sikio zake zimeisha, kwa hivyo kila kitu anaongea kama ako ng'ambo ya mto. Sasa yule kijana wa kushika maikrofoni akasema, wale wa kutoa salamu tafadhali mkeep time, jua inaenda. Kavata akainua kidole juu kama mtoto wa nasari akasema, "Hiyo ni ile ya saa!" Watu wote wakaangalia. Syombua chai ikampitia kwa pua. Mimi nikafunika mdomo na leso, mabega inatingika, na mjukuu wangu, huyu anasoma chuo, akafikiria nalia, akanishika mkono ati pole nyanya. Nikamwambia silii, nacheka, na hata hiyo kucheka nitakueleza baadaye. Nilifika nyumbani nikamweleza mpaka akachoka, akasema wacha niandike. Basi yeye anaandika, mimi naongea, na akiandika vizuri kuliko vile nimesema nitamwambia afute.

Ni mwaka moja tu nataka kusema. Ya kwetu kabla niolewe siguzi, na ya mbele ni mingi. Nilikuwa msichana bado, niko na mtoto wa mgongo, na bwana yangu Kioko alikuwa ameangukiwa na mawe kwa machimbo huko Athi River. Walimleta na lori ya mchanga. Nakumbuka lori kuliko mazishi. Nakumbuka kulikuwa na mchanga imebaki kwa pembe ya lori, na mwanamke mmoja jirani akaichota na beseni akaenda nayo, kwa sababu alikuwa anajenga choo, na mimi nikaona ni sawa, mchanga isipotee bure. Hapo ndipo ningejua niko mgonjwa. Lakini mtu hajui. Siku hizi hawa watoto wako na majina ya hizo vitu, mjukuu wangu ameniambia majina kama matatu, lakini wakati huo hakukuwa na jina. Nilikuwa tu kama mguu yenye umeikalia vibaya. Unaona iko hapo, unaifinya, unajua ni yako, lakini haikuambii kitu.

Tuliishi kwa mama mkwe. Mimi nilimwita Mwaitu, vile sisi tunaita mama, na mtoto wangu alikuwa na jina yake, Nduku, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza anapewa jina ya mama ya baba yake. Jikoni yake ilikuwa ya udongo, nyeusi kabisa juu kwa moshi, na kulikuwa na kijiti imewekwa kwa ukuta ya kuning'iniza nyama, lakini sijawahi kuona nyama hapo, ilikuwa inaning'inizwa vitunguu. Tulikuwa tunatwanga mahindi ya muthokoi, ile ya kutolewa maganda, mimi na yeye, mtu na mti yake, kinu moja. Ukitwanga wawili lazima muende pamoja, akiinua unashusha, na sisi tulienda pamoja hata siku zenye hatuongei kutoka asubuhi mpaka jua inazama. Mtu akipita kwa barabara angesema, ona vile hao wanapatana. Tulikuwa tunapatana. Ni vile hakukuwa na mtu ndani.

Siku moja Mwaitu alisahau chumvi. Alipika muthokoi na kunde, akapakua, akapeleka ya Mzee, bwana yake, kwa nyumba yake, ikarudi vile ilienda, imeguzwa kijiko moja. Yeye mwenyewe akaonja akatema. Akanigeukia aniambie nisikule ngojea niweke chumvi, na mimi nilikuwa nimemaliza sahani. Nilikuwa hata nimekwangura. Aliniangalia hiyo macho mpaka mtoto akaanza kulia mgongoni yake. Kesho yake asubuhi akaniambia nioge, nivae ile nguo ya kanisa, niende kwa faktori ya kahawa, kuna msichana ametoka Machakos mjini anafundisha watu wazima. Nikamwuliza kusoma itanisaidia na nini. Akasema hajui, lakini nitoke. Halafu akaenda kwa mlango ya Mzee akamwambia maneno hiyo hiyo, na yeye aende. "Nendeni wote wawili mniachie hii nyumba ipumue."

Sasa hapo ndipo kuna kichekesho, na mtu wa mbali lazima aelezwe. Kwetu Ukambani kuna kitu inaitwa nthoni. Ni hiyo haya ya kuheshimiana na wakwe. Baba mkwe na mke wa mtoto wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawapigi gumzo. Akiwa nyumbani unapita nyuma. Jina yake huwezi kutaja, hata akiwa hayuko, hata ukiota. Mimi mpaka leo jina ya Mzee sijataja, na ameshakufa miaka mingi, na huyu mjukuu amenisihi nimpe aandike nimekataa. Basi wewe fikiria hao watu wawili wametumwa shule moja, darasa moja. Kwa njia alikuwa anatangulia, mimi nakuja nyuma mbali. Akisimama atoe jiwe kwa kiatu, na mimi nasimama naangalia kahawa. Mtu akikutana na sisi anasalimia yeye, halafu anatembea kidogo, anasalimia mimi, na anacheka peke yake akienda.

Darasa ilikuwa stoo ya faktori. Ilikuwa inanuka kahawa ile imechachuka, hiyo harufu kama tope na matunda, na tulikalia magunia. Ubao ilikuwa mlango imetolewa mahali, imepakwa rangi nyeusi, bado iko na shimo ya kitasa, na Mwalimu Mutheu alikuwa anaweka chaki kwa hiyo shimo. Yeye alikuwa msichana mdogo, pengine tulikuwa rika, na viatu vya kisigino mrefu zenye zilikuwa zinaingia kwa nyufa ya sakafu, kila siku lazima mtu amvute. Siku ya kwanza alimwona Mzee amekaa nje kwa debe, chini ya dirisha, akaenda kwa mlango akamwambia karibu ndani Mzee, nafasi iko. Mzee akasema yuko sawa. Mwalimu akasema hapana, ndani ni vizuri, utaona ubao. Syombua akamvuta sketi. Akamwambia, wewe mtoto wa mji, hujaona mke wa mtoto wake amekaa hapa? Unataka kumuua mzee wa watu na aibu? Mwalimu alikuwa Mkamba kama sisi, lakini alizaliwa kwa nyumba za kukodisha penye kila mtu anapitana na kila mtu kwa korido. Alisimama hapo akafikiria, halafu akageuza ubao kidogo, ikaangalia dirisha. Tangu hiyo siku Mzee alisomea nje. Kukinyesha alikuwa anavaa gunia kichwani.

Kosa ingine Mwalimu alifanya ni ya majina. Aliandika majina yetu wote kwa ubao, kila mtu asome ya mwenzake. Akanipa mimi. Nikasoma Syombua, nikasoma Kavata, nikasoma mpaka nikafika ya Mzee, nikaruka. Akanirudisha. Nikaruka tena. Akafikiria nimeshindwa, akaanza kunisaidia, hii ni herufi gani, na mimi nikasema herufi, na hii, nikasema, zote nikasema moja moja, na akaniambia sasa unganisha. Nikanyamaza. Wanawake walikuwa wamejifinya na magunia wakicheka. Hapo ndipo Mzee akaongea huko nje, polepole, akiangalia upande wa mto, "Mwalimu, hiyo jina ni mzito. Endelea na ingine." Hata mimi ningekuwa mtu wa kucheka hiyo mwaka, ningecheka. Niliona ni kitu ya kuchekesha. Niliiona vile unaona mtu ako mbali anapunga mkono, na hujui anapungia nani.

Kusoma kidogo tulishika haraka. Wanawake wakasema sasa tunataka Kizungu. Syombua alitaka kwa sababu nesi wa kliniki alikuwa anaongea na mwenzake Kizungu juu ya mtoto wake, mbele yake, kama yeye ni ukuta. Kavata alitaka kwa sababu alikuwa anauza vyondo, vile vikapu vya kusuka, kwa watu wa Nairobi na alitaka kujua wakigeukiana wanasema nini. Mwalimu alikuwa na kitabu moja ya maana ya maneno, ile kubwa, lakini mchwa ilikuwa imekula kuanzia mwanzo mpaka katikati, kwa hivyo Kizungu yetu ilianzia kwa herufi ya K. Neno ya kwanza yenye ilikuwa mzima ilikuwa kangaroo. Hiyo tulipoteza siku mzima. Ati ni mnyama anaruka na miguu ya nyuma na anabeba mtoto kwa mfuko ya tumbo. Kavata akasema huyo si mnyama, huyo ni mwanamke wa Masii siku ya soko. Tukakataa kangaroo. Tukaenda mbele kidogo, na tukafika keep.

Wacha nikuambie, hiyo neno tulifikiria itaisha kabla ya chai. Mwalimu akasema keep ni kuweka. Tukaandika. Halafu akageuza ukurasa, akageuza ingine, uso yake ikabadilika. Akasema, ngojeni, inaendelea. Tulikaa na hiyo neno mpaka mahindi ikakomaa. Keep quiet, hiyo tulikuwa tunajua, ni kunyamaza. Keep left iko kwa kibao Machakos mjini, ni kupita kushoto. Keep time ni ile ya saa, usichelewe. Keep off iko kwa nyasi ya hospitali, ni usikanyage, na Syombua akauliza inakuwaje neno ya kuweka imekuwa neno ya kufukuza. Keep chicken ni kufuga. Keep the change ni ile pesa imebaki kaa nayo. Golikipa ni yule anachunga goli. Ukichelewa wanakuuliza what kept you, nini ilikushika. Ukiahidi mtu na ufanye vile uliahidi, ume-keep. Ukilia na usinyamaze, you keep crying, unaendelea tu. Chakula ikikaa bila kuoza, inakeep. Na Mwalimu akatupatia marafiki ya hiyo neno, alikuwa anaita hivyo, marafiki zake ni hold, ni save, ni guard, ni stay, na kila rafiki tukamuuliza kwao ni wapi. Tukaanza kubishana. Kavata alikuwa anasema neno kamili ni ile yetu ya kusuvia, kuchunga kitu isiharibike. Syombua anasema hapana, kuchunga unaweza chunga ya mtu mwingine, lakini keep ni yako. Mwalimu anasema kitabu inasema ni zote. Mzee huko nje ikifika zamu yake anajibu Mwalimu, kila wakati anajibu mbuzi. I keep goat. Kila siku. Wanawake wakimsikia wanasema kwa sauti ya chini, leo mbuzi imelala wapi.

Na mimi nilikuwa nakaa hapo kwa gunia nikisokota kamba ya kiondo kwa paja, na maneno yote inaingia na inakaa. Hiyo ndio ajabu. Chakula sikusikia, baridi sikusikia, lakini kila keep ya hiyo mwaka naikumbuka mpaka leo. Mjukuu wangu amenijaribu. Ametafuta kwa simu amepata zingine mbili tu zenye hatukufika.

Sasa mambo yangu. Hakuna mtu aliniambia. Niliisikia kwa tanki ya maji, nikiwa upande huu na wanawake wako upande ule. Mmoja akasema, huyo mjane wa Kioko hata hajalia. Mwingine akasema atalia akifika Masii. Ndio nikajua kaka yangu Mutiso ameshaongea na mtu wa duka huko Masii, bwana mwenye bibi yake alikufa, na mahindi ikitolewa shambani Mutiso atakuja kunichukua. Mimi ni msichana bado, walisema, nitakaa huko nikifanya nini na wazee wawili. Lakini mbuzi za kuniolea zilikuwa zimeshapelekwa kwetu na zikakubaliwa, na kwa desturi mtoto ni wa kwa kina baba yake. Kwa hivyo nikienda Masii, naenda mgongo ikiwa wazi. Nduku anabaki. Nikikaa, nakaa na mtoto wangu kwa nyumba ya watu wenye mtoto wao hayuko, na labda wananivumilia tu kwa sababu nanyonyesha.

Na hiyo ndio ilikuwa swali yangu, kama mtu mwenye ako hivyo anaweza kuwa na swali. Sikuwa naogopa Masii. Sikuwa naogopa kubaki. Nilikuwa tu nataka kujua kama hapa ni mimi wanataka ama ni mtoto. Jioni moja nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba ya Mzee, na wao wako ndani. Mwaitu akasema Mutiso ametuma neno. Mzee akasema mtoto haendi mahali. Mwaitu akasema, hiyo najua, na mama yake? Nikasimamisha fagio. Nikangoja. Mzee akakohoa, halafu nikasikia anaomba tumbako. Hiyo tu. Nikamaliza kufagia. Hata nilifagia vizuri.

Mwaitu nilimuuliza. Tulikuwa tunatwanga, nikamwambia Mwaitu, Mutiso akija nimwambie nini? Akatwanga, na mimi nikatwanga. Akasema, mwanangu, fanya vile roho yako inakuambia. Sasa hiyo ni jibu ya kupea mtu mwenye roho yake inaongea. Na siku hizi ndio naelewa alikuwa anaogopa. Mwanamke amezika kijana wake wa pekee, anataka kukuambia kaa, lakini anaona akikuambia kaa na ukae, na usifurahi, atakuwa amekufunga. Kwa hivyo akanyamaza akidhani ananiachia mlango. Na mimi nikaona mlango wazi nikadhani ananionyesha njia.

Wiki ya kuvunja mahindi Mwalimu akasema tutafunga darasa watu waende shamba, lakini kwanza mtihani. Kila mtu asimame atoe sentensi yake mwenyewe ya keep, yenye haijawahi kusemwa humu. Hapana mbuzi, akasema akiangalia dirisha, na watu wakacheka. Kavata akasimama akasema ati anakeep kuku na kuku inakeep yeye, kwa sababu ya mayai, na Mwalimu akampigia makofi. Syombua akasema bwana yake never keep quiet, na wengine wakamwambia hiyo si sentensi hiyo ni kesi peleka kwa chifu. Mimi nilikuwa wa mwisho ndani. Nilisimama nikasema, I keep the rope, ninashika kamba, kwa sababu ilikuwa mkononi. Nikakaa.

Halafu ikabaki Mzee. Tulisikia debe imelia, akasimama. Tuliona kofia ikitoka kichwani, kwa sababu dirisha ilikuwa inaanzia hapo kwa mabega. Hakuangalia ndani. Aliangalia zile meza za kuanika kahawa, hakukuwa na kahawa juu yake, na akaongea polepole sana kama mtu anavuka mto kwa mawe. Akasema, "Teacher. My son bring one girl." Mwalimu akasema ndio Mzee, yes, endelea, alikuwa bado anafikiria ni mtihani. Mzee akasema, "My son is not there. People say, keep the baby. I say, teacher, I keep the girl. Not for baby. The girl."

Hakuna mtu alicheka. Hakuna mtu alitafsiri, hata Kavata. Kila mmoja kwa hiyo stoo alikuwa na hiyo maneno yote, tulikuwa tumekula mwaka mzima, hatukuhitaji kuelezwa. Alikuwa amesema yule msichana mwenye kijana wake alileta, watu wanasema tushike mtoto, lakini yeye anataka msichana akae, na si kwa sababu ya mtoto, ni yeye mwenyewe. Wote waliangalia chini. Ilikuwa aibu kubwa ukiangalia hivi, baba mkwe anaongea juu ya mke wa mtoto wake mbele ya wanawake. Na ukiangalia vile ingine hakukuwa na aibu yoyote, kwa sababu alikuwa anaongea na Mwalimu, anajibu mtihani. Nimefikiria hii jambo miaka mingi nikichambua maharagwe. Kwa Kikamba hiyo maneno haingetoka mdomo yake nikiwa hapo, hata ungemchoma. Kiswahili pia ilikuwa karibu sana. Lakini Kizungu ilikuwa kitu ya Mwalimu, ya mlango yenye imepakwa rangi, hakuna baba mkwe ndani yake wala mke wa mtoto. Mzee alikuwa ameona hiyo njia sijui tangu lini. Na mimi naamini hizo mbuzi zake zote, kila siku mbuzi, alikuwa anajaribu kama mti ya kuvukia mto inaweza beba mtu.

Mwalimu Mutheu alishika chaki muda mrefu. Alikuwa msichana mdogo, nakuambia, lakini hakuharibu. Hakuniangalia hata mara moja. Akasema, "Correct, Mzee. Ni sawa kabisa," akamwandikia alama kwa ubao na akasema tumefunga. Mzee akavaa kofia. Tulirudi nyumbani vile tulikuwa tunarudi, yeye mbele, mimi nyuma mbali.

Ungedhani sasa moyo ilifunguka. Wasomaji wanapenda moyo ifunguke. Hapana. Nilifika nikaosha sufuria. Nilikuwa na jibu ya swali yangu, nimeipata kabisa, na ilikaa ndani yangu kama kitu umepewa kwa karatasi hujafungua. Nilijua tu iko.

Jumamosi Mutiso akaja. Alikuwa amevaa koti, amebeba mkate na majani ya chai kutoka kwa yule mtu wa Masii, na Mwaitu akaipokea kwa mikono miwili akaiweka kwa meza na hakuifungua. Mzee alikaa kwa nyumba yake na wazee wawili wa ukoo, mlango wazi. Sisi tulikuwa kwa Mwaitu. Nilimpakulia Mutiso githeri, mahindi na maharagwe, na parachichi, akakula yote, kwa sababu alitembea, na akaanza. Alisema vizuri, kaka yangu si mtu mbaya. Alisema huko kuna nyumba ya mabati, kuna duka, kuna watoto wakubwa hawasumbui. Alisema mimi si wa kuzeeka hapa nikipelekea wazee maji. Mwaitu alikuwa amekaa kwa kitanda na Nduku kwa mapaja, anamfunga na kumfungua kifungo moja ya sweta, anafunga anafungua. Mutiso akaniambia, sema dada, watu wanangoja.

Nikasema, "Nakaa."

Mutiso akaweka kijiko chini. Akaniuliza nakaa kwa sababu ya mtoto? Nikasema nakaa tu. Akaangalia Mwaitu, akaangalia mlango, akashusha sauti kwa Kikamba ya nyumbani kwetu, ile ya mama yetu. "Dada, umeambiwa na nani wanakutaka hapa? Kuna mtu amekuambia?"

Na hapo sikudanganya. "Hakuna mtu ameniambia kitu," nikamwambia.

Alinywa maji, akashukuru chakula, akaenda kuongea na wazee kwa mlango ule mwingine. Nilisikia viti vikisogezwa, nikasikia mtu anacheka kidogo, ile cheko ya wazee jambo ikiisha bila maneno mingi. Mwaitu alikuwa bado kwa kitanda. Alinyanyuka akanisogezea Nduku, alinipatia tu vile unampatia mtu kitu anashika huku unatafuta viatu, na akatoka nje akasimama hapo uani na mgongo yake kwangu. Nikamshika mtoto. Na nikasikia ni mzito. Mkono yangu ilishuka, ikabidi niweke goti. Nilikuwa nimembeba hiyo mwaka mzima, kwa mgongo, kwa shamba, kwa njia ya faktori, na sikuwa nimejua huyo mtoto ni mzito hivyo.